Cadette, Mkalimani wa Kashikishi

Cadette alikuwa mwalimu kule Pweto, upande wa Kongo. Vita vilipomfukuza akavuka mpaka na binti yake Gloire, alifika Nchelenge, Zambia, bila diploma, kwa sababu iliungua pamoja na nyumba. Alipewa shamba dogo la mihogo katika makazi ya wakimbizi, lakini kulima hakukuwa kazi aliyoizoea. Siku za soko alishuka Kashikishi, kando ya ziwa, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akawatafsiria wafanyabiashara wa Kongo waliokuja kununua kwa wavuvi wa Kibemba. Kibemba chenyewe alikuwa amekiokota humo humo sokoni.

Mtu wa kwanza kumwonea huruma alikuwa Chileshe, muuza samaki wa moshi, ambaye wote walimwita Bana Mapalo kwa jina la mtoto wake. Alimkaribisha kivulini mwa kibanda chake, akampa kigoda. Siku moja akamwambia kwa Kiswahili chake cha biashara:

"Mama Gloire, batu banakuita tu ule mama Mukongo wa kutafsiri. Bamama Bakongo muko wengi hapa. Batakujua namna gani?"

Cadette akalibeba swali hilo mpaka nyumbani. Juma lililofuata alimwomba Fanwell, fundi anayeandika majina kwenye mitumbwi, amchoree kibao: CADETTE, KISWAHILI, BEMBA, FRANÇAIS. Fanwell alikataa malipo. Cadette alikuwa amemtafsiria mke wake mara nyingi bila kumdai kitu. Kisha Cadette akaanza kutuma ujumbe wa sauti kwenye simu za wafanyabiashara. Kila asubuhi alianza vilevile, "Ni mie Cadette wa Kashikishi," akaeleza mitumbwi gani imefika, halafu akafundisha neno moja la Kibemba. Watu walipenda ile sauti ya darasani. Wakawatumia wenzao, na sauti ikavuka ziwa. Wageni wakaanza kushuka bandarini wakimuulizia kwa jina.

Kisha akakosea. Djo, mnunuzi kutoka ng'ambo, alikuwa ameahidiwa samaki na mvuvi aitwaye Kabaso. Alipofika kuwachukua, Kabaso alisema mzigo utafika mailo. Kwa Kibemba neno hilo ni jana na ni kesho pia. Kitenzi ndicho kinachokuonyesha ni ipi. Cadette alikuwa na watu watatu wanaomvuta, akasikia nusu, akamwambia Djo kwamba samaki waliondoka jana. Djo aliamini mzigo wake umeuzwa kwa mwingine. Akapanda boti akarudi kwao bila kuaga. Kesho yake samaki walifika, na mnunuzi hakuwepo.

Kabaso alimlaani Djo sokoni siku nyingi. Siku alipokisimulia kisa hicho mbele ya kibanda cha Bana Mapalo, na kulirudia neno lake kama alivyolisema, Cadette akatambua kwamba kosa lilikuwa lake. Hakuna aliyejua ila yeye. Jina lilikuwa ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo Zambia, na sasa kulivunja kulikuwa mkononi mwake. Alimweleza Bana Mapalo, naye akamshika bega.

Asubuhi iliyofuata alirekodi. "Ni mie Cadette wa Kashikishi. Leo sina neno ya kufundisha. Kabaso alisema kesho, mie nikasema jana. Djo, Kabaso hakukudanganya. Kosa ni yangu. Munisamehe."

Baadhi ya wafanyabiashara wakatafuta wakalimani wengine, na majuma mawili alikaa kwenye kigoda bila kuitwa. Djo alirudi, akamsalimia Kabaso kwa mikono miwili, lakini kwa Cadette alipita akitazama chini.

Siku ya soko ya tatu alikuja mwanamke mwenye sare, nesi aliyeitwa Mumba. Zahanati yake ilipokea akina mama wengi wa Kongo, na ilitafuta mkalimani wa kudumu. Watu wenye vyeti walikuwa wameomba. Lakini mgonjwa mmoja alikuwa amemsikilizisha Mumba ule ujumbe wa samaki na kumweleza maana yake.

"Kwetu neno likikosewa, mtu anaweza kufa," Mumba alisema. "Nataka mtu ambaye akikosea ataniambia palepale."

Cadette alimwambia hana karatasi hata moja. Mumba akamjibu kwamba anajua, na kwamba atamjaribu mwezi mmoja.

Huu ni mwaka wake wa pili zahanati. Jumapili ya mwisho ya mwaka Cadette alisimama kanisani kutoa shukrani kwa Kiswahili cha kwao. Alimshukuru Mungu, kisha akawataja watu: Fanwell, Mumba, Kabaso aliyemsamehe siku ileile ya ujumbe, na Djo, ambaye hatimaye alimletea mkewe mjamzito azalie hapo zahanati. Mwisho akamtaja Bana Mapalo, akashindwa kuendelea kwa machozi.

Bana Mapalo, aliyekuwa ameketi karibu, hakuwa amefuata maneno yote, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Walipotoka nje alimuuliza alisema nini juu yake. Cadette akamtafsiria polepole kwa Kibemba, neno kwa neno, mpaka wote wawili wakabaki wanajifuta machozi kwa ncha za vitenge vyao.