Gurudumu la Ukindu

Mdogo wangu wa mwisho alirudi Koboko siku moja na begi la vitabu na uso wa mtu aliyepewa adhabu. Anasomea ualimu Arua, na muhula ule alikuwa akifundisha kwa majaribio katika shule moja ya Mvara, mtaa wa mji huohuo. Chuoni walipiga kura ya mada. Wenzake waliokota ukoloni, reli, biashara ya pembe. Yeye aliokota Ubuddha: ulikoanzia, unachofundisha, ulivyoenea. Somo lingekuwa Ijumaa inayofuata, na mkufunzi angekaa nyuma ya darasa na fomu yake. Akishindwa, atarudia mwaka mzima.

"Dada," aliniambia, "nitakufundisha wewe kwanza. Ukielewa wewe, wataelewa wote."

Haikuwa dharau. Niliacha shule darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini, nikabaki na wadogo watatu. Wawili wana nyumba zao sasa. Huyu ndiye aliyekuwa bado njiani, na nilishajiambia kwamba nitapumzika siku atakapoitwa mwalimu kwa haki yake.

Basi akaanza, amesimama mlangoni kama mbele ya ubao, mimi nikiwa mkekani na kazi yangu. Ninashona kawa za kufunikia chakula, zile za rangi ambazo sisi Wanubi tunaziita tabaga. Unaanza na kitovu kidogo cha nyasi, unakizungushia ukindu uliotiwa rangi, unashona ukienda duara, mpaka kitovu kinakuwa sinia.

"Zamani sana," akasema, "upande wa India na Nepal, alizaliwa mwana wa mtawala. Siku saba baadaye mama yake akafa."

Nikaacha sindano. "Akalelewa na nani?"

"Na mama yake mdogo. Lakini hilo halimo sana kwenye somo."

"Kwa nini halimo?"

Akaendelea na somo lake. Kijana akalelewa ndani ya raha tupu, mpaka siku alipotoka nje akaona mzee, akaona mgonjwa, akaona maiti, kisha akaona mtu wa dini asiye na kitu, uso wake umetulia. Akaamua kuondoka. Akamwacha mke wake na mtoto mchanga.

Wakati huo jirani yetu alikuwa ameingia uani kuomba kaa la moto, akasimama na kijiko chake kusikiliza. Ni mama wa Kinubi kama sisi, mwenye ulimi unaojulikana mpaka sokoni.

"Nyinyi iko nabadilisha dini hapa?"

"Hapana, mama," mdogo wangu akasema. "Ni somo tu."

"Na huyu mutu iliacha bibi na mutoto, inaenda kukaa porini? Hapa Koboko wanaume kama huyu iko mingi. Sisi hatujengea wao hekalu."

Tulicheka mpaka mdogo wangu akakaa chini. Lakini mimi nilikuwa upande wa jirani, na nilimwambia. Mtu ambaye amebaki haoni vizuri uzuri wa yule aliyeondoka.

"Sikiliza kwanza, dada. Alijinyima chakula miaka sita, mbavu zikahesabika. Hakupata kitu. Ndipo akaelewa kwamba raha ya kupita kiasi haikusaidii, na kujitesa hakukusaidii. Njia iko katikati. Akala, akakaa chini akitafakari mpaka akaona. Kwa hiyo wakamwita Buddha, maana yake aliyeamka."

"Aliona nini?"

Hapo akahesabu kwa vidole. Kwamba maisha yana maumivu, hakuna nyumba isiyoyajua. Kwamba maumivu yanazaliwa na tamaa, ile ya kung'ang'ania vitu vinavyopita. Kwamba yanaweza kukoma. Na kwamba iko njia ya kuyakomesha, yenye mambo manane: kuona sawa, kunuia sawa, kusema sawa, kutenda sawa, kupata riziki kwa njia safi, kujitahidi sawa, kuwa macho, na kutuliza moyo.

"Mimi nimetamani kitu kimoja miaka yote hii," nikasema, "na sioni kama nimeteseka."

"Kitu gani?"

"Wewe umalize."

"Hiyo si tamaa, dada. Hiyo ni kazi."

Jinsi dini hiyo ilivyoenea niliielewa upesi kuliko yote. Mfalme mmoja wa India alipigana vita vya kutisha, akajuta, akatuma watu kuyapeleka mafundisho hayo mbali. Wengine walivuka mpaka kisiwa cha Sri Lanka. Wafanyabiashara wa hariri wakayabeba kwa misafara hadi China, yakafika Korea na Japani. Mengine yakapanda Tibet, mengine yakashuka Burma na Siam. Kule India kwenyewe yakaja kufifia. Hayo yote unaweza kuyafahamu ukikaa Koboko. Dini yetu, Uislamu, ilifika hapa na buti za babu zetu, askari kutoka Sudan. Wafanyabiashara wa Sudan Kusini wanaolala mtaa wa pili wameshuka na vitenge, na Jumapili wanaimba nyimbo zao za kanisani kwa lugha yao. Dini inapita inapopita mizigo.

"Na yule mama mdogo?" nikauliza.

Akakubali kunieleza. Mtoto aliyemlea alipokuwa mkubwa na kufuatwa na watu, mama yule aliomba kuingia katika watawa. Akakataliwa mara tatu. Akanyoa nywele, akatembea peku na wanawake wenzake safari ndefu mpaka miguu ikavimba, akasimama mlangoni. Mfuasi mmoja akamwombea. Mwishowe akakubaliwa, na wanawake wakawa watawa kuanzia hapo.

"Mweke kwenye somo."

"Muda hautoshi, dada."

"Mweke."

Kwa ajili ya kuonyesha, alitaka kuchora gurudumu kwenye karatasi ya manila. Gurudumu ndilo alama ya mafundisho yale, na njiti zake nane ni yale mambo manane. Nikamwambia manila inajikunja na watoto wa nyuma hawaoni; nitamshonea la ukindu, kama kawa. Yeye akarudi Arua, mimi nikashona wiki nzima, njiti nyekundu juu ya manjano. Jirani alikuja kulikagua kila siku na kusema ni kawa nzuri mno kufunikia maneno.

Ijumaa nilipanda gari la alfajiri, nikachukua boda mpaka Mvara. Nilimkuta nje ya darasa, chaki tayari mkononi. Alipolifunua gurudumu akashika mdomo. Kisha nikamwona midomo yake ikihesabu.

"Dada. Ni sita."

Nikahesabu mimi. Sita. Mama alinifundisha kuligawa duara kwa sita, na sijawahi kuligawa vingine tangu utoto. Kichwa kilijua nane, mikono ikafuata mama. Mkufunzi alikuwa ameshaingia, na kengele ikalia.

Mdogo wangu alivuta pumzi, akaingia nalo.

Nilisimama dirishani. Alifundisha vizuri, na mama mdogo alikuwemo. Alipofika kwenye njia, alitundika gurudumu na kubandika vikaratasi sita kwenye njiti. "Buddha alifundisha mambo manane," akasema. "Hapa yapo sita. Mtu akitembea kwa haya tu, atakwama wapi?"

Darasa likawaka. Msichana mmoja akasema, "Kusema hakupo, mwalimu. Anaweza kuwa na moyo mzuri na bado anasengenya." Mwenzake akamwambia, "Kama wewe." Wakaangua kicheko. Ikachukua muda zaidi kupata la pili. Mvulana wa mbele akasema, "Kazi. Moyo umetulia lakini anauza dawa feki."

Wanafunzi walipotoka, mkufunzi alikuja mpaka tulipo. Ni mwanamke mtu mzima, haonyeshi meno. "Mbinu ya kuacha mawili ni nzuri sana," akasema. "Uliipanga mwenyewe?"

Nilimtazama mdogo wangu. Angeweza kusema ndiyo. Mimi ningekaa kimya.

"Hapana, madamu. Dada yangu alikosea hesabu, nami sikuwa na muda."

"Kosa ni langu," nikasema. "Yeye hana hatia."

Mkufunzi alitutazama kwa zamu, akaegemeza fomu ukutani na kuandika kwa muda mrefu. Kisha akampa mdogo wangu asome. Nilimwona anasoma, anarudia, anasoma tena.

"Nimepita, dada."

"Umepita vizuri, mwalimu," mkufunzi akamsahihisha, akaenda zake.

Nilikaa kwenye ngazi ya darasa nikavua viatu. Nilikuwa nimeviazima kwa jirani na vilikuwa vinanibana tangu Koboko, na mpaka dakika ile sikuwa nimevisikia.