Ndama Niliyemfunga Mdomo

Juzi nilikuwa nateremka kutoka mtaa wa Mushasha, nimemaliza kufundisha, nikasikia ng'ombe akilia upande wa mtaa wa Yoba. Ulikuwa ule mlio mrefu wa mama anayetafuta ndama wake. Mtu mzima mimi, mwalimu wa falsafa, nikasimama njiani hadi mlio ukaisha. Ngoja nikueleze polepole, rafiki yangu.

Mimi na bibi tuliporudi kwetu kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, nilikuwa na miaka tisa. Shamba letu kule Muyinga lilikuwa limelimwa na jirani miaka yote tuliyokaa kambini. Yeye na bibi wakagawana kilima, na ili amani ishike, jirani akatupatia mtamba. Ng'ombe wa namna hiyo si mali tu, ni ahadi inayotembea. Akizaa, ndama wa kwanza wa kike hurudi kwa aliyemtoa. Mimi, mtoto niliyekulia unga wa mgao wa kambini, sikuujua utaratibu huo, na hakuna aliyefikiri kunieleza.

Mtamba alipozaa ndama jike, kazi yangu ikawa kukata majani na kumtoa ndama kupe. Alinilamba viganja kwa ulimi unaokwaruza. Shuleni walinicheka kwamba nanuka zizi, nami nilifurahi.

Asubuhi moja bibi alipika ndizi na maharage kwa mawese, akatoa pombe ya ndizi. "Leo jirani anakuja kuchukua ndama wake," akasema, kama mtu anayetaja mvua.

Bibi alipokuwa anafagia uwanja, nilimswaga ndama hadi katikati ya mibuni. Ili asilie, nikamfunga mdomo kwa kamba ya mgomba, nikakaza. Kisha nikarudi kumenya mihogo.

Jirani akaja na fimbo yake. "We Mtanzania, ndama iko wapi?" akanitania. "Ao umeshaimeza?"

"Sijui, baba."

Kicheko kikamwisha. Nikamwona bibi akitazama mpaka wa shamba, halafu mabegi ya kambini ambayo hakuwa ameyafungua yote. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilichokuwa nimekificha ni amani yetu pale kilimani, na bado nikaendelea kumenya mihogo.

Ng'ombe ndiye aliyesema. Alikuwa akivuta kamba yake na kulia, uso umeelekea mibuni. Jirani akaenda alikoelekea. Tulimkuta ndama amelala chini, macho yamemtoka. Kamba ilikuwa imepanda hadi puani. Jirani akaikata kwa kisu, akampuliza pua mpaka akapiga chafya.

Nilingoja fimbo. Akamgeukia bibi: "Mama, huyu binti anapenda ng'ombe kutupita sisi wote. Ila kusikiliza bado."

Ndama akaenda. Mama yake alilia siku tatu, akakataa kutoa maziwa. Siku ya nne bibi alimfungua akampeleka kwa jirani anyonyeshe, na kila siku ikawa hivyo, mpaka bondeni pakatokea njia nyembamba kati ya nyumba zile mbili.

Njia ile sasa imemezwa na mikaratusi. Bibi hayupo, jirani hayupo. Mimi nimefanya kazi ya maisha yangu kuuliza tunawiwa nini na wanyama. Wanafunzi huniuliza kama siogopi kuchekwa. Kuchekwa nilikuzoea zamani. Ninachoogopa ni kitu kingine: kila ninapokaa kuandika kwa niaba ya asiyeweza kuandika, kwanza naitazama mikono yangu, nione kama haijashika kamba.