Yule Asiyetajika Asimame

Mama yangu alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwenyekiti wa kijiji chetu, huku Murusagamba, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka mpaka kutoka Burundi na mikeka kichwani. Wanaume walimpa kura kwa sababu kazi ilikuwa imekuwa ngumu na hakuna mmoja wao aliyeitaka. Kwenye karatasi za kura waliandika "Mama", kisha jina langu mimi kifungua mimba, maana la kwake hakuna aliyewahi kulitaja. Siku hizi kila mzee anadai ndiye aliyempendekeza.

Alikuwa na kasoro moja ya uongozi: hakuweza kutaja jina la baba mkwe wake. Kwetu mke wa mtu hathubutu. Na kwa kuwa jina la babu lilifanana na neno la Kihangaza la jembe, hata shambani mama aliomba "kile cha kulimia". Nilikua nikidhani jembe ni tusi.

Shida ilianzia kwenye chemchemi. Wenyeji na wakimbizi walichota hapo hapo, foleni tangu alfajiri, kwa hiyo mama akapitisha sheria: ng'ombe marufuku. Mwenye ng'ombe ataitwa jina na mwenyekiti mbele ya mkutano wa kijiji, asimame, ajieleze. Walioitwa mwanzo walisimama wakiona haya hadi wakatia huruma. Kisha wakakamatwa ng'ombe wanne wakiwa wamelala kabisa ndani ya maji. Walikuwa wa babu.

Babu hakushtuka. Alikuja mkutanoni na kigoda chake, akaketi mbele, akajaza kiko. "Mimi nasubiri kuitwa," akamwambia jirani, kwa sauti ya kuwatosha wote. Alijua mama akimtaja, amemvunjia heshima ukoo mzima. Asipomtaja, sheria imekufa na uenyekiti nao. Mzee mmoja nyuma alishaanza kusema kiti kirudi kwa wanaume. Nilimchukia babu siku ile, nasema wazi.

Mama akasimama, akafunga kitenge upya, macho chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwenyekiti," babu akajibu, na watu wakacheka.

"Ndugu wananchi," mama akasema, "kila mtu wa kijiji hiki naweza kumwita jina lake, hata watoto wa mgongoni. Yuko mmoja tu nisiyeweza kumtaja, kwa sababu namheshimu kupita wote. Huyo mmoja naomba asimame."

Babu akatoa kiko mdomoni. Akibaki ameketi, anakiri mbele ya kijiji kwamba mkwe wake hamheshimu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, labda atatokea baba mkwe mwingine. Kisha akainuka polepole.

"Ng'ombe walikuwa na kiu," akasema. Huko ndiko kulikuwa kujieleza kwake. Kesho yake alianza kuizungushia chemchemi ua wa miti, akinung'unikia kila mti.

Uchaguzi uliofuata, yule mzee wa nyuma akauliza kwa kejeli kama yupo wa kumpendekeza mwanamke tena. Babu alisimama bila kuitwa. Akataja jina la mama, lile alilopewa na wazazi wake, ambalo sisi wanawe tulikuwa hatujawahi kulisikia. Mama alijifunika uso kwa kitenge, akalia mbele ya mkutano mzima.