Hitima ya Kitabu cha Kiingereza

Mimi nimesoma mpaka kidato cha pili, nikatoka. Hilo silionei haya. Haya waone waliohusika, na humu nitawataja kwa kazi zao. Majina yao nayajua, lakini yamebebwa na watoto wao, na watoto hawana kosa.

Tulikuwa wawili, mimi na mtoto wa ami yangu. Mama yake alikufa yeye yungali mchanga, akalelewa kwetu, sahani moja na mimi, mkeka mmoja, tukiitana bui, yaani shoga. Kwetu ni shamba, upande wa Pujini. Yeye alitaka kuwa mkunga wa hospitali, avae nguo nyeupe na saa ining'inie kifuani. Mimi nilitaka alichokitaka yeye. Na mlango ulikuwa mmoja tu: ushinde mtihani wa kidato cha pili. Usiposhinda unarudi nyumbani, na msichana kurudi nyumbani enzi zile maana yake ni posa.

Skuli ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, tukijibu mpaka tunagombezwa tuwaachie na wengine. Tukaingia kidato cha kwanza, vitabu vyote vimegeuka Kiingereza. Ni kama mtu aliyelala kwao akaamka ugenini. Mwalimu wa bayolojia, na huyu ndiye wa kwanza ninayemtaja, aliletwa kutoka mjini Unguja, na Pemba aliihesabu kuwa ni adhabu yake. Kiingereza naye hakukijua. Akiingia darasani ananakili ukurasa ubaoni, anatusomesha kwa sauti moja, anakung'uta chaki, anatoka.

Siku moja mwenzangu alinyoosha mkono. "Mwalimu, hapo maana yake nini?"

Mwalimu akalirudia swali lile kwa kuivuta lafudhi yetu, akabana pua, akazungusha kichwa. Darasa likacheka. Wapemba watupu sisi, tukajicheka wenyewe. Alipoona tumecheka vya kutosha akasema: "Mtihani hauulizi Kipemba, mama. Wewe hifadhi."

Hifadhi! Neno hilo mtoto wa Pemba haambiwi mara mbili. Tulikuwa tumeshahitimu msahafu mzima chuoni, kwa kuyumba na kurudia, na maana hatukuulizwa. Maana ilikuwa itakuja ukubwani, Mungu akipenda, na kusoma kwenyewe ni thawabu. Basi tukakifanyia kitabu cha bayolojia kama tulivyoufanyia msahafu. Jioni tukakaa ukumbini, magoti kwa magoti, kitabu katikati, tukayumba. Yeye akisoma mimi nasikiliza, akikosea namrudisha juu. Tulikihifadhi chote, bui, na maneno yaliyo chini ya picha pia.

Baba aliposikia tumemaliza hakujua afanye nini isipokuwa anachokijua. Alichinja jogoo. Mama akapika pilau, ukafukizwa udi, majirani wakaitwa. Sijui kama kuna mahali pengine duniani kitabu cha bayolojia kimefanyiwa hitima, lakini kwetu kilifanyiwa. Tukakalishwa juu ya jamvi jipya, tumejitanda kanga, tukasoma kwa zamu. Mabibi wakafuta machozi. Mmoja akasema, "Mashaallah, ntoto asoma kama redio!"

Alikuwapo mzee mmoja aliyewahi kuwa karani bandarini Wete, na Kiingereza kidogo anacho. Mwenzangu alipomaliza kipande chake, mzee akamwinamia. "Vizuri sana, binti. Hebu nambie, hapo umesoma nini?"

Mwenzangu akanitazama, nami nikamtazama yeye.

"Mwachieni ntoto," Baba akaingilia huku anacheka. "Kwani wewe, mzee mwenzangu, msahafu wausoma tangu utotoni. Maana yake yote waijua?"

Watu wakacheka, na mzee naye akacheka, akajitilia pilau. Baba simtii katika hesabu yangu. Hakuna aliyemwambia kwamba hivi ni vitabu vya namna mbili. Mwalimu alijua, tena alialikwa, akaja, akala paja la kuku na kumpongeza Baba.

Mtihani ukaja. Maswali yalikuwa yameulizwa kwa maneno ambayo kitabuni hayamo vile. Mimi nikatafuta neno ninalolitambua, nikaliona moja, nikaandika ukurasa wenye neno hilo kuanzia juu mpaka chini. Kumbe mwenzangu naye kafanya hivyo hivyo. Tulitoka tunacheka. Tuliona tumeandika mengi kuliko wote.

Tukaanguka sote wawili. Mkuu wa skuli, huyu ni wa pili, alituita mbele ya gwaride la asubuhi na karatasi zetu mkononi. Akasema, "Watazameni kasuku wa Pujini." Mwalimu wa bayolojia alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama viatu vyake. Na wa tatu ni wale wakubwa waliokaa ofisini wakaamua mtoto wa mkulima asome lugha asiyoisikia popote ila ubaoni, na wao watoto wao wamewapeleka ng'ambo wakaisikie kwa wenyewe.

Posa zilikuja kabla ya msimu wa karafuu. Mwenzangu aliolewa kijiji cha pili, mimi nikaolewa pale pale. Kitabu hakikututoka. Kilikuwa mchezo wetu. Tukichambua karafuu na wanawake wenzetu, usingizi ukianza kutuingia, yeye anaanza mstari, mimi naumalizia, wanawake wanacheka mpaka karafuu zinamwagika. "Wasomi hao! Tusomeeni tena!" Kuna kipande kimoja alikipenda kwa mlio wake. Nitakiandika ninavyokumbuka masikioni, sijui kinaandikwaje: lei dha pashenti flati, reizi dha legizi.

Akashika mimba, miezi ikatimia, akajifungulia nyumbani kwa mkunga wa jadi. Nilikuwapo. Mtoto alitoka salama, wa kike, analia vizuri. Kisha damu ikaja, na ikawa inaendelea kuja. Mwenzangu akaanza kutoka jasho la baridi. Mkunga alikuwa mtu mwema, alifanya alichofundishwa na bibi yake. Akasema mgonjwa akalishwe, asilale, akilala damu itaondoka naye. Tukamkalisha. Mimi nilikuwa nyuma yake nimemwegemeza kifuani, mwingine anamnywesha uji wa pilipili manga, mwingine anampepea. Mumewe alikuwa ameshatoka mbio kutafuta gari ya kumpeleka hospitali ya Chake.

Akaniambia, sauti ndogo, "Bui, nsomee kitabu chetu."

Alikuwa mtu wa mzaha, mpaka pale. Nikamsomea sikioni, kipande kile akipendacho, polepole, nikimyumbisha kama tulivyokuwa tukiyumba ukumbini. Alitabasamu. Nilikimaliza, nikakirudia. Katikati ya kurudia kichwa chake kikawa kizito begani kwangu, na wanawake wakaanza kumsomea Yasini. Gari ilipofika tulikuwa tumeshamfunika.

Yule mtoto nilimlea mimi. Naye ameolewa, amezaa, na binti yake sasa yuko kidato cha pili. Mjukuu huyu anaishi nami katika nyumba yetu ya zamani, na jioni hukaa pale pale ukumbini. Juzi kati alinipa kitabu. "Bibi, nishikie, uone kama nakosea." Nikamwambia mimi Kiingereza sijui. Akasema, "Wewe fuata herufi tu."

Akasoma. Kitabu ni kipya, picha zake za rangi, lakini masikio yangu yakasimama. Neno hili nalijua, na lile nalijua. Alipokwama, mdomo wangu ukatangulia bila kuniuliza. Nikakisoma kipande changu chote, kile cha zamani, mpaka nukta.

Mtoto akaduwaa. "Bibi! Kumbe wewe msomi!"

"Msomi wapi. Nimesema nini hapo?"

"Hujui?"

"Sijui. Wewe wajua?"

"Ninajua. Mwalimu wetu hufunga mlango akatwambia kwa Kiswahili. Akisikia viatu vya mkuu nje, anarudi Kiingereza." Akacheka. "Hiyo ni huduma ya kwanza, Bibi. Mtu akiwa anatoka damu nyingi, anaingia ubaridi, anataka kuzimia. Mlaze chali, umnyanyue miguu. Mfunike apate joto. Usimpe kitu cha kunywa. Mkimbize hospitali."

Akanitazama usoni, akaniuliza kama naumwa.

Najua daktari anaweza kuniambia kwamba damu ile isingesimama kwa kunyanyuliwa miguu. Sawa, nakubali. Labda tungekichelewesha kifo tu, labda gari ingemkuta hai. Lakini ilikuwa dawa, na ilikuwa kinywani mwangu, nami nimeshamkalisha namsomea sikioni kama wimbo wa kubembelezea mtoto. Mwalimu yule swali aliulizwa, kwa adabu, na mkono umenyooshwa. Aliyeuliza ndiye aliyekufa.

Huyu mtoto hajui bibi yake wa damu alikufaje. Nitamwambia, lakini si siku ile. Siku ile nilimwambia arudie. Akarudia kwa Kiswahili chake cha skuli, safi, kama cha kwenye redio.

"Sasa niambie kama tunavyosema hapa nyumbani," nikamwambia. "Kama mgonjwa yuko hapa mbele yako, na aliyemshika ni mtu asiyesoma."

Akaona haya kidogo. Akatazama mlangoni, nadhani ni mazoea. Kisha akanishika mkono akasema, "Nlaze chali, bibi. Nnyanyue maguu. Nfunike."