Mstari wa Tisa

Mong'ina alikuwa mpiga taipu katika kibanda cha mabati pale Suna, msichana wa vidole vyepesi na mdomo mzito. Mwaka wa tisini na sita, babake, Mzee Okemwa, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka, alitoka nyumbani Jumatatu asubuhi asirudi.

Maranga, ndugu mdogo wa mzee, alisimama nyuma ya Mong'ina akimtamkia tangazo. Salamu kwa chifu, salamu kwa wazee wa kanisa, salamu kwa jamaa wote mpaka wa Magunga.

"Baba mdogo, si tuanze na kupotea?"

"Wewe! Unaingia kwa watu bila hodi? Piga taipu."

Karatasi ikajaa juu mpaka chini. Neno "amepotea" lilikuja mstari wa tisa.

Jumanne wakaibandika kwenye lango la soko. Mong'ina akasimama kando, akitazama macho ya watu. Yalishika mstari wa kwanza, yakateleza kwenye wa pili, kisha yakashuka ukingoni mpaka kwa muhuri wa chifu. Basi. Jamaa mmoja alisoma huku anatembea.

"Harambee tena! Hawa hawachoki?"

Wenzake wakacheka.

Mong'ina alivumilia siku mbili, kwa heshima. Alhamisi alfajiri akapiga nyingine bila kumuuliza mtu. Juu, kwa herufi kubwa: MZEE AMEPOTEA. Chini yake akaacha nafasi tupu. Kisha: Kofia nyekundu. Anachechemea mguu wa kushoto. Mlete kwa mpiga taipu, Suna. Akaibandika kwenye lango lile lile.

Kabla ya saa nne Phelesia, mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa mlangoni, ile karatasi mkononi.

"Nyathina, mwanangu, huyu mzee ameketi nyumbani kwangu siku mbili. Hata uji nimempa."

"Yuko wapi?"

"Jana jioni ameenda. Ati ng'ombe zake ziko mtoni."

"Na tangazo la Jumanne, mama? Liko hatua kumi kutoka kwa meza yako."

"Nililiona. Nikaona salamu, nikaona chifu. Nikasema hiyo ni maneno ya ofisi." Akaketi kwenye kizingiti, akajifunika uso kwa leso.

Wanaume walipekua ukingo wa mto kwa miti mirefu. Maranga aliingia majini mpaka kiunoni, na viatu vyake vya kanisa. Saa tisa wakamwona mzee akielea kifudifudi kwenye matete. Watu wakamiminika, wakiulizana huyu ni nani, na Mong'ina ndiye aliyewajibu, mmoja mmoja, jina la babake tu.