Swali Aliloulizwa Mume Wangu

Mwaka ule nilifundisha nimesimama. Kiti cha darasani nilikiogopa, maana hedhi ilikuwa inakaa siku kumi na mbili, damu inatoka kwa mabonge, na watoto wa darasa la nne hawapitwi na kitu. Siku ya kwenda hospitali mjini nilitandika nailoni kwenye bodaboda kutoka Bahi hadi barabarani, nikaitandika tena kwenye siti ya basi. Aibu ya safari ile sijamsimulia mtu.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane na watoto wawili. Daktari aliangalia picha ya utrasaundi, akasema nina uvimbe, na kwa kuwa vidonge vimeshindwa kuzuia damu, kizazi kitolewe. Kisha akamgeukia mume wangu, aliyekuwa amenisindikiza.

"Mzee, mmemaliza kuzaa?"

"Tumemaliza, dokta."

Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, mzima, nina akili zangu na mdomo wangu. Nilipewa dawa za kuongeza damu na tarehe ya kurudi kufanyiwa upasuaji. Nilikuwa na hasira, lakini nilikuwa nimeishiwa nguvu hata za kugomba.

Siku niliporudi, muuguzi aliyekuwa ananipima presha alipitia faili langu akakunja uso.

"Mwalimu, uvimbe wenyewe mdogo, tena umetokeza ndani ya kizazi. Kuna daktari hapa anautoa kwa kamera, anapitia njia ya chini. Huchanwi tumbo, na jioni unaweza kurudi nyumbani. Hawakukwambia?"

Nilimrudia daktari nimefura. Kwa nini hakuniambia?

"Mama, kwa njia hiyo uvimbe unaweza kuota tena. Kizazi kikitoka, damu imekwisha moja kwa moja. Na mzee alishasema mmemaliza."

"Kwani kizazi ni cha mzee?"

Aliandika karatasi ya kunipeleka kwa mwenzake, kwa mwandiko wa mtu aliyeudhiwa.

Uvimbe ulitolewa wiki iliyofuata. Jioni nilikuwa kitandani kwangu, tumbo linauma kama hedhi ya kawaida. Baada ya miezi michache siku zangu zilirudi kuwa tano, nikaanza kusahihisha madaftari nimekaa.

Wenzetu wa kanisani walipokuja kunipa pole, mume wangu aliniwahi kuusimulia mkasa. "Nilimwambia dokta, kizazi cha mke wangu hakitoki!" Wakamsifu. Nilitua sinia la chai, nikawaeleza ilivyokuwa, neno kwa neno, na yeye akabaki anakoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka.

Tangu siku hiyo ni mpole sana kwangu. Lakini mpaka leo hajaniuliza kama nataka mtoto mwingine. Angeniuliza, ningemwambia sitaki.