Gurudumu la Kushoto

Mbele ya watu mimi huwa mbaya. Na siku ile, kwenye garaji yetu ya barabara ya Luano, watu walikuwa wamejaa.

Yaya, kaka yangu mkubwa, ndiye aliyenifundisha paralelisme, yaani kupanga magurudumu ya gari yasivute pembeni wala kula matairi. Hakuwa na mashine. Hufunga kamba kwenye vigingi vinne, hupima kwa rula ya chuma, hufumba jicho moja. Macho yalikuwa yameanza kumwacha, na tangu afiwe na mke, kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani. Nilijua hilo vizuri.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la chini, la mwendo. Lilitoka Japani na usukani wa kuume, hapa wakauhamishia kushoto. Mwenyewe, muuza vitenge wa Sakania, alitaka lishike njia kwenye kona. Basi Yaya aliyainamisha magurudumu ya mbele kwa ndani, ila la kushoto pungufu kidogo kuliko la kuume.

Mimi nilikuwa na karatasi ya vipimo ya kiwanda. Nikapima: kinyume kabisa! Nikaangua kicheko.

"Aka! Yaya, umegeuza! Kushoto umeweka kuume! Hata mama wa mikate pale anaona!"

Watu wakacheka. Yaya akasema polepole, "Ile karatasi ni ya kwabo. Huku kwetu..."

"Huku kwetu bantu banaona! Weye enda ku nyumba!"

Akakunja kamba yake, akaenda kwa miguu. Nitasema ukweli: nilisikia utamu. Nikarudisha vipimo vya karatasi, nikajipangusa mikono.

Siku ya tatu muuza vitenge alirudi bila gari. Lilimvuta kuume, kuume, mpaka likaingia mferejini. Hakuumia, lakini alikuja akifoka. Hapo ndipo nilipoelewa, mjinga mimi. Japani wanapita kushoto, na barabara yao imeinamia kushoto, kwa hiyo kiwanda kinalifanya gari livute kidogo kuume. Sisi tunapita kuume, mteremko uko kuume. Tulihamisha usukani, nami sikuhamisha vipimo. Yaya alikuwa anataka kuniambia hivyo tu.

"Nani njo alitengeneza?" akauliza muuza vitenge.

"Ni Yaya," nikajibu. "Macho yake inakwisha."

Yule bwana akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Yaya. Nikamfuata, nikasimama getini. Alimtukana kila tusi, akamwita kipofu, muuaji. Yaya alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini. Akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza uso, akaniangalia mimi.

"Njo miye nilitengeneza," akamwambia yule bwana. "Macho iko inakwisha. Unisamehe, papa."

Mimi nikageuka, nikarudi garajini.

Gari nililitengeneza upya, kushoto na kuume, vilevile Yaya alivyokuwa ameliweka. Linaenda sawa, na mwenyewe ananisifu mji mzima. Yaya hakuna tena anayemletea gari. Jumapili tukila ugali pamoja huniuliza, "Ile ya nyekundu, iko inavuta?"

Nami humjibu, "Apana, Yaya, iko muzuri," na kumsogezea sahani ya bukari.